Gari la Marekani: milango ina stika za VIN, boneti haina

Swali: Wakuu, gari limetoka Marekani. Milango yote minne na buti zina stika ya VIN (namba ya utambulisho wa gari, herufi na tarakimu 17), sawa na ya dashibodi. Boneti haina kitu. Limegongwa?

Jibu 1: Angalia chini ya boneti, siyo juu. Ukikuta stika yenye herufi R, neno DOT na nembo ya kiwanda, bila VIN, hiyo ni boneti mpya halisi iliyobadilishwa. Ikiwa tupu kabisa, huenda ni ya kampuni nyingine au stika imebanduliwa. Hizo stika zimetengenezwa zichanike vipande zikibanduliwa, au ziache alama, kwa hiyo tafuta mabaki ya gundi kwa tochi.

Jibu 2: Kabla ya kuhukumu, angalia injini, giaboksi, madigadi na bampa. Si kila modeli inawekewa stika, ila milango ikiwa nazo, boneti nayo ingepaswa kuwa nayo. VIN *tofauti* kwenye kipande kimoja ndiyo mbaya zaidi: kimetoka gari lingine, pengine la wizi. Dai risiti. Na usisahau, VIN haina I, O wala Q. Ukiziona, ni ya kughushi.

Jibu 3: Fundi rangi ndiye anayeharibu stika nyingi. Aifunike stika kwa tepu ya karatasi kabla ya msasa. Magari ya soko la Japani yasikuchanganye, mengi yana namba fupi ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi.