Betri imekufa, injini ya dizeli ya mashua naiwashaje kwa hendeli?

MwanaMkanda
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wa mafundi na manahodha mlio humu.

Nina mashua ya tanga, futi 28, nabebea mizigo kati ya Lamu na Kizingitini. Ndani ina injini ya Yanmar ya zamani, silinda moja, nguvu ya farasi 12. Naitumia upepo ukifa au ninapoingia gatini. Alhamisi tulitoka Lamu na kusi ya wastani, tumepakia saruji na sukari. Tulipofika katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda upepo ukalala. Nabonyeza stata, ikalia tik, kisha kimya. Taa iliachwa inawaka usiku kucha, betri imekwisha.

Hendeli ninayo. Nilizungusha mpaka mabega yakawaka moto, injini haikukohoa hata mara moja. Mara ya mwisho ilirudi nyuma kwa nguvu, ikanipiga kifundo cha mkono, na hadi leo kimevimba. Maji yalikuwa yanapwa. Tukashika pondo, mimi na baharia wangu, tukasukuma muda wa saa mbili, mwisho tukakaa kwenye tope la mikoko mpaka maji yalipojaa tena. Sukari magunia mawili yaliota maji ya ngama, na mali ni ya watu.

Kijana mmoja gatini ananiambia dizeli bila betri haiwaki kamwe. Ni kweli?

FundiNoseli
Waalaykum salaam. Pole sana nahodha. Huo mkono usiulazimishe, ukionekana umepinda au vidole vinakufa ganzi nenda hospitali kwanza.

Si kweli. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inapata moto mkali, noseli inapuliza mafuta, yanalipuka yenyewe. Betri kazi yake ni kuzungusha stata tu. Kuna injini za siku hizi ambazo mafuta hufunguliwa na umeme, hizo ndizo zinazogoma bila betri, lakini ya kwako inazimwa kwa waya wa kuvuta, sivyo?

Sasa nijibu swali moja. Juu ya kichwa cha silinda kuna kiwenzo kidogo. Ulipokuwa unazungusha, ulikuwa umekiinua au kimelala?

MwanaMkanda
Ndiyo, inazimwa kwa waya. Hicho kiwenzo kilikuwa kimelala. Aliyeniuzia mashua hakunieleza kazi yake, sijawahi kukigusa.

FundiNoseli
Basi nimeshajua kilichokupiga mkono. Ulikuwa unapambana na kompresheni, yaani ile hewa inayobanwa ndani ya silinda, tangu mzunguko wa kwanza. Ukizungusha polepole, mafuta yanaweza kuwaka kabla pistoni haijavuka kilele chake, na mlipuko unairudisha ilikotoka. Hendeli inarudi na mkono wako. Hiyo huvunja mifupa, nimeshuhudia.

Kiwenzo ukikiinua kinashikilia valvu wazi, hewa inatoka, injini inazunguka kwa wepesi kama kinu kitupu. Nguvu zako unaziweka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwanza. Ikishapata kasi, unaangusha kiwenzo, na uzito wa flaiwili ndio unaomvusha pistoni, si mkono wako.

Lakini kabla hujaanza kupiga hendeli, toa hewa kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ndogo ya mkono mpaka povu liishe na itoke dizeli tupu, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya noseli. Kisha legeza nati ya bomba pale linapoingia kwenye noseli, inua kiwenzo, peleka wenzo wa mafuta mbele, zungusha mpaka dizeli ichuruzike, kaza. Ukimaliza zungusha tena taratibu na utege sikio. Noseli lazima ilie "krii", kila inapopuliza. Usiposikia krii usijichoshe, mafuta hayafiki.

Ukiisikia, weka gia nyutro na uhakikishe waya wa kuzimia umerudi ndani. Tia oili kidogo kwenye mdomo wa hendeli ili isigande kwenye shafti, maana ikiganda injini itaondoka nayo. Simama miguu imara, na KIDOLE GUMBA kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie hendeli. Baharia ashike kiwenzo. Zungusha, ongeza kasi, ongeza, ukifika mwisho wa nguvu zako mwambie "achia!" na usisite, endelea kuvuta ivuke. Ikishika, itaikimbia hendeli yenyewe, wewe ichomoe moja kwa moja.

Pemba_Tanga
Ami hapo juu kaeleza vizuri, ila kuna jambo moja linaua injini. Kama ekzosti yako inapozwa na maji ya bahari na ina pipa la kupunguza sauti, kila mzunguko wa hendeli pampu inaingiza maji mle. Injini haijawaka, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa, yanarudi mpaka kwenye valvu, yanaingia silinda. Mimi nilipoteza pistoni namna hiyo. Funga bomba la maji ya bahari unapopiga hendeli, na ikishika tu lifungue, kisha chungulia nyuma uone maji yanatoka. Mtu mmoja awe na kazi hiyo peke yake, maana furaha ya kuwaka inasahaulisha.

Kijana_wa_Tanga
Samahani kuuliza, haiwezi kuvutwa na boti nyingine ikawaka, kama tunavyosukuma gari?

FundiNoseli
Hapana mwanangu. Gari tairi zinashika lami. Rafadha inateleza majini, haiwezi kuishinda kompresheni.

Bahari_Kilwa
Nami yangu ni silinda mbili, mbinu ni hiyo hiyo? Na dawa ya kupuliza ya makopo vipi?

FundiNoseli
Silinda mbili inua viwenzo vyote, ukipata kasi angusha kimoja. Ikishika hiyo moja, angusha cha pili.

Dawa ya makopo achana nayo, wala usitie petroli. Inalipuka mapema mno, inavunja pete za pistoni na kukurudishia hendeli. Kama injini imechoka, tia oili kijiko cha chai kwenye njia ya hewa, inaziba ufa kati ya pete na silinda kwa muda. Kijiko kimoja tu, oili ikizidi haibaniki. Asubuhi ya baridi mwagia kichwa cha silinda maji ya moto kidogo kidogo.

MwanaMkanda
Nimerudi na habari. Mkono hauna mvunjiko, alhamdulillah, kwa hiyo leo alfajiri baharia ndiye aliyepiga hendeli, mimi nikakaa kwenye kiwenzo, mdogo wangu kwenye bomba la maji.

Krii haikusikika. Tukatoa hewa, ikarudi. Tukatoa tena. Ndipo nikaona povu dogo linatokeza chini ya skrubu ya filta. Washa yake ya shaba, ile pete bapa ya kuzibia, imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Nikaigeuza upande wa pili, nikakaza. Tukazungusha, na krii ikalia, mara ya kwanza naisikia katika miaka mitatu ya kumiliki injini hii.

Akavuta mizunguko kama kumi, akasema achia. Dum. Ikakaa kimya. Tukarudia. Dum... dum... dum-dum-dum, moshi mweupe ukajaa, na mdogo wangu akapiga kelele kutoka nyuma kwamba maji yanatoka. Baharia alibaki na hendeli mkononi, machozi yanamlenga. Naye alilala kwenye tope lile.

Sasa niondoe waya za betri iliyokufa wakati injini inaunguruma, nifunge nyingine?

FundiNoseli
Usithubutu! Ukizichomoa injini ikiwa inafanya kazi, unaunguza daiodi za alteneta, kile chombo kinachochaji betri. Zima, badilisha, ndipo uwashe tena. Na taa zipatie betri yake ya peke yake, ya stata isiguswe na kitu kingine.

Washa hiyo ya shaba uliyoigeuza nunua mpya kabla hujapakia mzigo wa watu.

MwanaMkanda
Nimenunua mbili.