Mama anataka kumtunza mzungu jukwaani kwenye onesho la bluegrass. Nimzuie?

Mjukuu_wa_Mpwapwa (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naishi Owensboro, Kentucky, mwaka wa nne huu. Mama yuko kwangu tangu mwezi jana, katoka Mpwapwa kuja kumwona mjukuu. Jirani yetu, mzee wa miaka sabini na kitu, anapiga mandolini (kama kigitaa kidogo) kwenye bendi ya bluegrass, muziki wa jadi wa huku Marekani unaopigwa kwa vyombo vya nyuzi, na Jumamosi ijayo wana onesho la uwanjani. Katualika wote. Yeye na mama hawaelewani hata neno moja, ila jioni mzee akianza kupiga barazani kwake, mama anatoa kiti nje anasikiliza.

Sasa mama kaniomba nimchenjie dola ishirini ziwe noti za moja moja. Za nini? "Za kumtunza. Mtu akualike shughuli yake uende mikono mitupu?" Jana nimemkuta anazikunja anazifunga kwenye pindo la khanga. Mpango wake ni kupanda na vigelegele, ikibidi ambandike noti kwenye paji la uso. Nikimkataza atanuna mpaka siku ya kupanda ndege. Na mimi mwenyewe muziki huu siujui, naona nyimbo zote moja. Nawasilisha.

Kidevu
Hahaha mwache mama afanye yake.

Fundi_Nyuzi
Mkuu usimsikilize Kidevu. Niko Tennessee, maonesho haya nahudhuria sana. Bendi nyingi za aina hii hupiga wamezunguka maikrofoni moja. Zamu ya fidla ikifika, mwenye fidla anasogea, akimaliza anarudi nyuma kumpisha wa banjo. Mama akiingia hapo na khanga yake atagongana na besi, lile dude la kusimama lenye urefu kuliko mtu.

Ila vigelegele ruksa. Mtu akimaliza zamu yake watu hupiga makofi hapo hapo, wimbo haujaisha. Mama apenye hapo. Pesa, angalieni kama pamewekwa ndoo au mtungi mbele, la sivyo asubiri waishe. Wapigaji hawakimbii, wanabaki kusalimiana na watu.

Kuhusu nyimbo kuwa moja, acha kutafuta ngoma maana kwa kawaida haipo. Msikilize jirani yako: besi inapiga "du", mandolini inajibu "cha", kavu, anazibana nyuzi zisilie. Hiyo ndiyo ngoma yao. Ukishaishika, masikio yatafunguka.

Chigogo_Asilia
Mama wa Mpwapwa kapenda muziki wa nyuzi mnashangaa? Hiyo fidla si zeze hilo! Béla Fleck, Mmarekani fundi wa banjo, alibeba banjo yake mwaka 2005 akaja mpaka Tanzania, akarekodi na Anania Ngoliga, Mgogo wetu asiyeona, fundi wa ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Na banjo yenyewe asili yake Afrika Magharibi, watumwa ndio waliovuka na ufundi wake, enzi hizo kibuyu kimewambwa ngozi. Mwambie mama hayo kabla hamjatoka nyumbani.

Dada_wa_Louisville
Bebeni viti vya kukunja na sweta, uwanjani jua likizama baridi haina adabu. Pombe ulizeni, maonesho mengi ya kifamilia hawairuhusu. Hazikosi nyimbo za dini pia, kwa hiyo kama mama ni wa kwaya atafurahi.

Na mpelekeni kijiji cha Rosine, kwenu hapo haifiki saa moja kwa gari. Ndiko alikozaliwa Bill Monroe, baba wa bluegrass, mwaka 1911 na ndiko alikozikwa. Bendi yake, Blue Grass Boys, ndiyo iliyoupa muziki huu jina.

Hilo la kutunza mimi naona mnalizunguka bure. Si jirani yenu? Vuka ua umwambie mzee kwetu mambo yako hivi na hivi.

Mjukuu_wa_Mpwapwa
Mrejesho. Nimevuka ua. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza noti ya kwenye paji la uso inakaaje bila gundi. Nikamwambia jasho. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema mama asihangaike na ngazi, wimbo wa mwisho atashuka yeye na mandolini yake mpaka alipokaa mama.

Nimemfikishia mama. Kauliza kama naweza kumchenjia ishirini nyingine, maana mwenye fidla naye atakuwa anaangalia.