Ulinganisho: ramani za kampuni kubwa au OpenStreetMap kwa wageni wenye vivinjari vya zamani?

Kaskazi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Natunza tovuti ya chama cha kujitolea chenye vituo vya huduma vilivyotawanyika, na ukurasa unaofunguliwa kuliko yote ni ule wa ramani ya vituo. Ramani tuliyonayo tumeibandika kwa msimbo wa kampuni iliyoitengeneza. Kwenye kompyuta mpya inafunguka bila shida. Tatizo ni kwamba wageni wetu wengi wana simu za zamani, au wanatumia kompyuta za pamoja ambazo hawaruhusiwi kuzisasisha, na malalamiko yao yanafanana: kinatokea kisanduku cha kijivu, vitufe vya kujumlisha na kutoa vipo pembeni, katikati hakuna kitu. Wengine wanapata ujumbe wa kuwataka wabadilishe kivinjari. Mtu anatafuta kituo cha kumsaidia, unamwambiaje akabadilishe kivinjari kwanza?

Mezani nina njia tatu: kubaki na kampuni kubwa (Google, Bing, Apple), kuhamia OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na wachangiaji wa kujitolea), au kuchanganya. Kigezo cha kwanza ni ramani kufunguka popote. Gharama na usahihi vinafuata. Nishaurini.

Fundi Tovuti

Kaskazi, kabla hatujashindanisha majina, tutenganishe tabaka za ramani ya mtandaoni. Chini kabisa kuna data: barabara hii inapita hapa, jengo hili lina umbo hili. Juu yake kuna uchoraji, yaani namna data hiyo inavyogeuzwa kuwa kitu cha kuonekana kwenye kioo. Halafu kuna huduma kama kutafuta mahali, kuelekeza njia na kuonyesha foleni. Kampuni kubwa zinakupa vyote kama kifurushi. OpenStreetMap kimsingi ni data, na uchoraji unajichagulia mwenyewe.

Kisanduku chako cha kijivu ni tatizo la uchoraji. Kuna njia mbili za kuchora. Ya zamani ni ya picha: seva inachora ramani mapema na kuikata vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, kivinjari kinavipanga tu. Ya sasa ni ya vekta: seva inatuma nukta na mistari, kivinjari chenyewe ndicho kinachochora kwa kutumia WebGL (teknolojia ya kuchora ndani ya kivinjari) na kadi ya picha ya kifaa. Vekta inapendeza, inazunguka, na majina hubaki wima hata ukiigeuza ramani. Ila kifaa kikiwa hakina WebGL, au kivinjari kimeizima kwa sababu kadi ya picha haiaminiki, unabaki na kile walichokiona wageni wako. Vitufe vinaonekana kwa kuwa ni HTML, lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti. Kilichokosekana ni mchoro wenyewe.

Mpitanjia

Naomba niwatetee Google kidogo, maana naona mada itaegemea upande mmoja. Hakuna anayewafikia kwenye utafutaji. Mtu akiandika jina la mahali nusu nusu, tena kwa makosa, bado anafika. Saa za kufungua, picha za barabarani, hali ya foleni, vyote vipo. Na si kweli kwamba kila kitu chao ni vekta: ramani wanayowapa watengenezaji wa tovuti kwa kawaida bado inakuja kwa vigae vya picha, vekta unaiwasha kwa kuiomba. Ukitaka jambo dogo, kuna fremu ya kubandika unayoipata kwenye kitufe cha kushiriki, haidai malipo.

Fundi Tovuti

Uko sahihi kabisa, Mpitanjia, na kwenye kutafuta mahali sibishani na wewe. Hoja yangu ni nyingine: nani anaamua kivinjari gani kinaachwa? Msimbo wa Google lazima upakiwe kutoka seva zao, na matoleo ya zamani huondolewa kadiri mapya yanavyokuja. Siku wakikiacha kivinjari fulani, ukurasa wako nao umekiacha siku hiyohiyo, upende usipende. Katikati ya 2018 walibadilisha masharti, ikawa lazima uwe na ufunguo (msimbo wa kukutambulisha) na akaunti ya malipo, na tovuti nyingi ndogo zikaanza kuonyesha ramani iliyotiwa giza yenye maandishi ya onyo juu yake. Bing nao: akaunti za bure za huduma yao ya ramani kwa watengenezaji zilifikia kikomo Juni 30, 2025, wenye mikataba wana muda hadi Juni 2028, wote wanaelekezwa Azure Maps, huduma nyingine ya Microsoft, wenye Bing. Apple walipoleta ramani yao ya kivinjari kwa majaribio Julai 2024, ilianza na Safari na Chrome kwenye Mac na iPad, pamoja na Chrome na Edge kwenye Windows. Firefox haikuwemo kwenye orodha hiyo ya mwanzo.

Kinyume chake ni Leaflet, maktaba ya JavaScript ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011. Ina takriban kilobaiti 42 ikibanwa. Toleo la 1.9 linafanya kazi hata kwenye vivinjari vya zamani kama Internet Explorer 9 na Safari ya iOS 7. Unaipakua, unaiweka kwenye seva yako, na itabaki vilevile mpaka wewe mwenyewe uiguse. Kwa wageni wa Kaskazi sifa hiyo moja inazidi uzuri wote wa vekta.

Dira

Nimekuwa nikichangia OpenStreetMap kwa muda mrefu, niseme upande wa data.

Mradi ulianzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, wakati ramani nzuri zilikuwa ghali na zimefungwa kwa leseni. Mfano ninaoupenda ni Haiti. Tetemeko la Januari 2010 lilipoikumba Port-au-Prince, ramani ya jiji hilo kwenye OpenStreetMap ilikuwa na barabara kubwa chache tu. Picha za setilaiti zikaachiwa, wachangiaji kutoka pande zote za dunia wakakaa wakafuatisha barabara, vichochoro na kambi za wahanga, na katika wiki chache waokoaji wakawa wanaipakia kwenye vifaa vyao vya GPS. Hakuna aliyesubiri kibali cha kampuni.

Tabaka anazozisema Fundi zilijionyesha wazi Flash, ile programu-jalizi ya zamani ya vivinjari, ilipozimwa mwisho wa 2020. Kihariri cha Potlatch 2, kilichotegemea Flash, kilitoka kwenye vivinjari. Data haikuguswa hata nukta moja. Watu walikuwa na iD, kinachofunguka kwenye kivinjari, na JOSM ya kompyuta, wakaendelea na kazi kwenye data ileile.

Kasoro ipo na niiseme. Ubora haulingani. Sehemu moja ina kila njia ya miguu na kila bomba la maji, sehemu ya jirani ina barabara kuu na majina mawili. Namba za nyumba mara nyingi hazipo. Kaskazi, fungua eneo la kila kituo chako na uliangalie kwa macho yako kabla hujaamua, usitegemee sifa za jumla.

Nahodha

Tahadhari moja ambayo wengi wanairuka: data ya OpenStreetMap ni huria, lakini seva za vigae za openstreetmap.org si mali ya kila mtu kutumia atakavyo. Zinaendeshwa kwa michango. Sera yao inataka programu yako ijitambulishe, chanzo kionyeshwe, na inakataza kupakua vigae kwa wingi. Ukiwasumbua watakuzuia bila taarifa, na wana haki. Hivyo hivyo kwa Nominatim, ile huduma ya kutafuta mahali: kikomo ni ombi moja kwa sekunde, na hairuhusiwi kuifanya ipendekeze majina mtu anapoandika herufi kwa herufi.

Kaskazi

Asanteni sana. Nimejaribu kwenye kompyuta moja ya zamani. Ukurasa wa majaribio wenye MapLibre, maktaba nyingine ya ramani ambayo ni ya vekta, umetoa ujumbe kwamba WebGL haipatikani. Ukurasa wa Leaflet kwenye kompyuta hiyohiyo umefunguka, pole pole lakini umefunguka. Ila kuna simu moja ya Android 6: Leaflet yenyewe inaonekana, alama za vituo zinaonekana, vigae havitokei. Vigae natumia vya mtoa huduma wa bure.

Kigae

Kaskazi, kwenye simu hiyo fungua anwani ya kigae kimoja peke yake. Anwani ya kigae huishia na namba tatu, kiwango cha ukaribu, safu wima na safu mlalo, mfano /0/0/0.png ambacho ni dunia nzima kwenye picha moja. Ukiona onyo la usalama badala ya picha, basi tatizo ni cheti, yaani kitambulisho cha usalama cha seva.

Seva nyingi za bure zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure. Android iliyo chini ya 7.1 haikitambui cheti mzizi chao (kile kinachothibitisha vyeti vyao vingine), na mpango wa mpito uliokuwa unazisaidia simu hizo ulikwisha Septemba 2024. Picha inayoletwa kutoka seva ya namna hiyo inakataliwa kimya kimya, mgeni haulizwi chochote. Firefox ya Android hubeba orodha yake ya vyeti, kwa hiyo simu ileile inaweza kushindwa kwenye kivinjari kimoja na kufaulu kwenye kingine. Jaribu uone.

Kaskazi

Ni kweli! Onyo la cheti limetokea, na kwenye Firefox kigae kimefunguka. Sasa nitatokaje hapo? Siwezi kumwambia kila mgeni aweke Firefox, nitakuwa nimerudi palepale nilipoanzia.

Kigae

Weka vigae kwenye tovuti yako mwenyewe. Mgeni akishaweza kufungua ukurasa wako, cheti chako kimekubaliwa, basi na vigae vitapita kwenye mlango huohuo. Kwa eneo dogo haina gharama kubwa. Chukua data ya eneo lako kutoka Geofabrik, tovuti inayogawa data ya OpenStreetMap kwa maeneo, ifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, ipake mtindo unaoutaka, kisha tumia kile kifaa chake cha kuzalisha vigae vya XYZ. Kitakutolea folda zilizopangwa jinsi Leaflet inavyotaka. Hapo hujavunja sera ya mtu, maana umechora mwenyewe.

Kuwa makini na viwango vya ukaribu. Kila kiwango kinazidisha vigae mara nne. Kiwango cha 0 ni kigae kimoja, cha 10 kwa dunia nzima ni 1,048,576, cha 18 kinakaribia bilioni 69. Wewe huhitaji dunia. Zalisha eneo lote hadi kiwango cha 13 hivi, halafu 14 hadi 17 kwa mizunguko midogo iliyo karibu na vituo tu.

Nahodha

Faida nyingine ya njia hiyo: kila kigae kinachoombwa kwenye seva ya mtu mwingine kinampa mtu huyo anwani ya IP ya mgeni na eneo analolitazama. Kwa chama kinachohudumia watu, sehemu anayokwenda mtu kutafuta msaada ni siri yake. Vigae vikiwa kwako, siri inabaki kwako.

Mpitanjia

Nakubali kwa kuonyesha vituo. Lakini mgeni akishakiona kituo anataka kufika. Usianze kujenga huduma ya kuelekeza njia, utaumia kichwa bure. Weka kiungo kinachoanza na geo: kikifuatiwa na latitudo na longitudo, simu za Android zitampa achague programu aliyonayo, iwe Google Maps, OsmAnd au Organic Maps. Kwa iPhone na kompyuta weka kiungo cha kawaida cha wavuti. Kila mtu aende kwa ramani anayoizoea.

Na chini ya ramani andika orodha ya vituo kwa maneno, na maelezo ya kufika. Asiye na JavaScript na anayetumia kisoma skrini watahudumiwa na orodha hiyo hata kama ramani imegoma.

Kaskazi

Basi naenda hivi: Leaflet 1.9 kwenye seva yetu, vigae vyetu wenyewe, orodha ya maandishi chini yake, viungo vya geo: na vya wavuti kwa kila kituo. Kampuni kubwa zitabaki kwenye kuelekeza njia, kwa atakayezichagua. Vituo viwili nimekuta havipo kabisa kwenye OpenStreetMap, na barabara ya kufikia kimoja imeishia njiani.

Dira

Hilo la vituo ni rahisi. Fungua akaunti, bofya Hariri, iD itafunguka na picha ya setilaiti nyuma yake. Endeleza ile barabara kwa kufuatisha picha, kisha weka nukta ya kituo, jina na saa za kufungua. Usinakili chochote kutoka Google, hata jina la kichochoro, leseni yao hairuhusu na wenzio watalazimika kukifuta. Andika unachokijua au kinachoonekana kwenye picha zilizoruhusiwa. Mkiwa na mtu kule kituoni mwenye Android, aweke programu ya StreetComplete, itamwuliza maswali mafupi ya mambo yaliyo mbele ya macho yake na kuyatuma moja kwa moja. Fanya masahihisho hayo kwanza, Geofabrik hutoa faili mpya kila siku, ndipo uchore vigae.

Usisahau kona ya chini ya ramani kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap, pamoja na kiungo cha leseni. Data iko chini ya leseni huria ya ODbL tangu Septemba 2012, na sharti hilo linabaki palepale hata vigae ukichora mwenyewe.

Kigae

Ukishaiweka hewani lete anwani yake hapa, Kaskazi. Nina simu ya Android 5 na kompyuta yenye Windows 7, nitaifungua kwenye zote mbili na kukuletea majibu.