Kuuliza mapato na matumizi ya sadaka ya ujenzi ni kiburi mbele za Mungu?

Sauti_ya_Pili

Shalom wapendwa. Naombeni mnisaidie kwa maandiko, sio kwa hasira, hasira ninazo za kutosha.

Kanisani kwetu tumechanga sadaka ya ujenzi muda mrefu sana, watu wametoa ahadi wakamaliza wakaongeza, kuna akina mama wameuza mpaka vitenge vyao, na msingi uko palepale nyasi zimeota juu yake. Kwenye kikao cha washirika nikanyoosha mkono nikasema, Mchungaji tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya ujenzi. Kwa adabu kabisa, waliokuwepo ni mashahidi. Hakujibu kitu, akafunga kikao kwa maombi.

Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa kiburi mwanzo mwisho. Kwamba Shetani alianguka kwa kiburi, Kora na wenzake walimezwa na ardhi kwa kiburi, na humu ndani kuna watu wamekalia viti vya Kora. Halafu akasema wote tupige magoti tutubu roho ya kuhoji, kanisa zima likashuka chini. Baada ya ibada watu ambao huwa tunasalimiana vizuri wakawa wananipita tu.

Mimi naamini kabisa kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi, 1 Petro 5:5 naijua kwa moyo na sitaki kusimama upande ambao Mungu anaupinga. Ninachotaka kujua ni hiki: kunyenyekea mbele za Mungu na kunyamaza mbele ya mchungaji ni kitu kimoja? Maana kwa mahubiri yale ilikuwa kama hakuna tofauti.

---

Mlinzi_wa_Lango

Dada pole. Nakujibu kama ndugu, usinichukulie vibaya.

Mimi ni shemasi na nimeona makanisa mawili yakivunjika, na yote yalianza na mtu mmoja kuuliza swali zuri tu kikaoni. Swali zuri, ila nyuma yake kulikuwa na kundi limeshajipanga. Mchungaji akiulizwa hadharani mbele ya wageni na watoto wachanga kiroho anapata wakati mgumu, ungemfuata kwanza pembeni. Hesabu 12 Mariamu alimsema Musa akapata ukoma, na Zaburi 105:15 inakataza kuwagusa masihi wa Bwana. Halafu kuhusu hela za ujenzi hasa, soma 2 Wafalme 12:15, imeandikwa wazi kwamba waliopewa fedha za kutengeneza hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Kwa hiyo kuna mahali imani inatakiwa itosheleze.

Sisemi mchungaji wenu alifanya sawa kumhubiri mtu madhabahuni, hapo hapana. Nasema tu chunguza na moyo wako.

---

Msoma_Torati

Mlinzi nakuheshimu na najua umeandika kwa upendo, ila hiyo 2 Wafalme 12 umekata kipande cha mwisho, tuisome kuanzia juu maana hiyo sura ni kama imeandikiwa kanisa la huyu dada.

Mfalme Yoashi aliwaambia makuhani wapokee fedha za watu watengeneze nyumba ya Bwana. Fedha zikapokelewa. Mstari wa 6 unasema mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake walikuwa hawajatengeneza chochote. Miaka inaenda, sadaka inaingia, nyumba ina mabomoko. Mfalme akafanyaje, akanyamaza kwa unyenyekevu? Mstari wa 7 akamwita Yehoyada kuhani na makuhani wengine akawauliza mbona hamtengenezi, akawakataza wasipokee tena fedha. Na makuhani wakakubali, hakuna aliyemwambia una roho ya Kora. Ndipo Yehoyada mwenyewe, kuhani, akachukua kasha akatoboa tundu kwenye kifuniko akaliweka karibu na madhabahu upande wa kuume mtu anapoingia, na fedha zikijaa anakuja katibu wa mfalme pamoja na kuhani mkuu wanahesabu wote wawili. Watu wawili, ofisi mbili tofauti. Baada ya utaratibu huo wote ndo unafika mstari wa 15, na hao wasiodaiwa hesabu ni wale waliokuwa wakipokea fedha zilizokwisha kuhesabiwa ili wawalipe maseremala na waashi, na kazi ilikuwa inaonekana kwa macho. Huwezi kuchukua mstari wa 15 ukaubandika kwenye msingi wenye nyasi.

Sasa Kora. Kora alikuwa anataka ukuhani, alitaka kiti cha Haruni, yeye na wanaume 250. Dada hakuomba madhabahu wala kiti cha mtu, ameomba kusomewa karatasi. Lakini tuseme hata kama angekuwa Kora, angalieni Musa alijibu nini mbele za Mungu siku ileile, Hesabu 16:15, alisema hajatwaa kwao hata punda mmoja. Yaani mtu anayeitwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, akishambuliwa uongozi wake, anataja mali! Hakusema mimi ni mpakwa mafuta msiniulize. Samweli naye 1 Samweli 12 kazeeka, kasimama mbele ya Israeli yote na mbele ya mfalme mpya, anawaambia mnishuhudie, nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani, nami nitawarudishia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alijitoa mwenyewe akaguliwe na watu aliowaongoza tangu ujana wake.

Na ile Zaburi 105 inawazungumzia Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nguvu wanaotangatanga kwenye nchi za watu, na Mungu anawakemea wafalme wasiwadhuru. Pale aliyepewa onyo ni mwenye nguvu. Leo limegeuzwa kuwa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mama aliyeuza kitenge. Hata Daudi aliyekataa kumgusa Sauli pangoni, alitoka nje akamwita kwa sauti, akamwonyesha kipande cha vazi, akamwambia Bwana atahukumu kati yangu na wewe. Kutomgusa maana yake hakumuua. Kusema alisema.

Kiburi cha kutisha kwenye Biblia mara nyingi ni cha walio juu, jamani. Nebukadneza alikuwa juu ya jumba lake anaangalia Babeli anasema nimeijenga mimi. Herode wa Matendo 12 alikubali kuitwa mungu. Mfalme Uzia, 2 Nyakati 26, alianza na miaka 16, akatawala miaka 52, alifanikiwa sana, minara, visima, jeshi, alipokuwa na nguvu moyo wake ukatukuka akaingia hekaluni kufukiza uvumba kazi isiyo yake. Na walioamka kumzuia ni Azaria na makuhani 80. Wale 80 waliomwambia mfalme toka, ndio waliokuwa wanyenyekevu siku ile, na mwenye kiburi ni yule aliyekasirika alipoambiwa. Ukoma ukatokea kwenye paji la uso wake angali anafoka.

---

Mjukuu_wa_Kagera

Nimesoma nikamkumbuka bibi yangu upande wa Bukoba, alikuwa mtu wa uamsho, wale wa Tukutendereza. Wengi siku hizi wanaujua wimbo tu hawajui ulitoka wapi, na nadhani hapa unahusika moja kwa moja.

Ule uamsho wa miaka ya 1930 ulianzia Gahini kule Rwanda kwenye misheni ya Waanglikana. Kulikuwa na daktari Mwingereza anaitwa Joe Church, amechoka kabisa kiroho, mwaka 1929 akaenda Kampala akakutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Mzungu daktari na Mwafrika, kwenye zama za ukoloni, wanakaa chini kama wenye dhambi wawili. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa mwalimu hukohuko Gahini, alihubiri kwa moto mpaka alipofariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Kutoka hapo ukasambaa Uganda, Kenya, ukaingia na huku kwetu.

Neno lao kubwa lilikuwa kuvunjika na kutembea nuruni, wanatumia 1 Yohana 1:7. Na kilichowashangaza watu wa wakati ule ni kwamba kuvunjika kulianzia juu. Wamisionari walisimama mbele ya Waafrika wakatubu dharau zao za kujiona wao ni bora. Wachungaji walitubu mbele ya waumini wao kwenye ushirika. Bibi alikuwa anasimulia hata waliokuwa wameiba jembe au kuku walirudisha kwa mwenyewe, mchana, watu wanaona. Hesabu zilifungwa hivyo, kwa kurudisha. Hakuna aliyetangulia kumwambia mwenzake piga magoti wewe huku yeye amesimama na maiki.

Ndo maana mahubiri ya huyo mchungaji yananiuma. Maneno ni yaleyale, kiburi, toba, magoti, lakini mwelekeo umegeuzwa. Kule aliyekuwa na cheo ndiye aliyeshuka kwanza.

Ila dada nikuambie na upande wa pili kwa sababu bibi angenikasirikia nisiposema. Hata huo uamsho ulipata ugonjwa wake. Baadhi ya ndugu walianza kupimana nani kavunjika zaidi, nani hajatubu vizuri, mpaka unyenyekevu wenyewe ukawa kitu cha kujivunia, na watu waliumizwa. Yule Farisayo wa Luka 18 alikuwa mtoaji mzuri wa zaka, hesabu zake zilikuwa safi kabisa! Tatizo lake lilikuwa jicho lake kwa yule mtoza ushuru. Siku karatasi ikisomwa na ikaonekana kuna pengo, hapo moyo wako utajaribiwa kuliko Jumapili ile. Usije ukasali nakushukuru Mungu mimi si kama mchungaji huyu. Endelea kuuliza, ila linda hilo.

---

Parokia_Jirani

Mimi ni Mkatoliki, naingia kidogo tu. Kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, sura ya 7 yote ni unyenyekevu, ngazi 12, ni andiko la kimonaki linalosisitiza sana utii. Lakini kabla hujafika huko, sura ya 3 inamwagiza abati kwamba likitokea jambo kubwa awaite ndugu wote asikilize ushauri, na sababu inayotolewa ni kwamba Bwana mara nyingi humfunulia mdogo lililo bora. Kwa hiyo kitabu kilekile kinachomfundisha mtawa kutii kinamlazimisha mkubwa kusikiliza.

Na kila Alhamisi Kuu tunaona kuosha miguu. Mwaka 2013 Papa Francis, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, alienda gereza la vijana la Casal del Marmo hapo Roma akaosha miguu ya vijana 12, wasichana wakiwemo, na Mwislamu akiwemo. Yohana 13 Bwana hakuwaambia mitume wamwoshe yeye. Sisemi kwetu hakuna shida za hesabu, zipo, lakini mfano umewekwa hapo kila mwaka na unatuhukumu sote.

---

Mlinzi_wa_Lango

Msoma Torati nimerudi kusoma ile sura yote, umeielezea sawa, sina ubishi na hapo. Na 2 Wakorintho 8:20-21 nayo nimeipitia baada ya hiyo, Paulo anapeleka mchango Yerusalemu na anasema wanaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu ila na mbele ya wanadamu, na alimpeleka Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asipate la kulaumu. Kama Paulo aliogopa kulaumiwa kwa fedha, sisi ni nani.

Bado nashikilia jambo moja tu, namna. Mchungaji aliyebanwa mbele za watu anajitetea, hata akiwa mtu mwema, ni hali ya mwanadamu. Mimi nataka huyu mzee apewe mlango wa kurudi. 1 Petro 5 mstari wa 3 unawakataza wachungaji kujifanya mabwana, lakini mstari wa 5 unawaambia wote tujivike unyenyekevu sisi kwa sisi. Wote, na yeye yumo.

---

Sauti_ya_Pili

Mungu awabariki sana. Nimelia kwenye ile ya Samweli, nilikuwa sijawahi kuiona hivyo.

Mlinzi kuhusu kumfuata pembeni, mzee mmoja wa kanisa alishamfuata mara mbili kabla ya kikao, akaambiwa asubiri. Ndo maana ikafika kikaoni. Lakini nimekuelewa kuhusu mlango wa kurudi na nimeuchukua.

Nilichoamua ni hiki. Sihami kanisa, na sitoi tena sadaka ya ujenzi mpaka tusomewe, zaka na sadaka nyingine naendelea kama kawaida. Nitaandika barua kwa wazee wa kanisa na nakala kwa mchungaji, fupi, jina langu chini, sitaki kificho. Nitaomba wachaguliwe washirika wawili wahesabu pamoja na mweka hazina, kama lile kasha la Yehoyada. Kwenye grupu la wasapu la kwaya sitaandika neno, wameshaanza kunichokoza huko niseme.

Kuna anayejua kama kuna kitu cha kisheria cha kushikia? Sitaki kumpeleka mtu polisi, nataka tu nijue.

---

Msoma_Torati

Anzia kwenye katiba ya kanisa lenu. Kwa Tanzania kanisa likisajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya linakuwa na katiba, waombe wazee nakala. Angalia kipengele cha fedha na cha mkutano mkuu, kama katiba inasema taarifa ya fedha isomwe basi barua yako itaje kipengele kwa namba na usiongeze maneno. Hapo unakuwa unawaomba watimize walichokiandika wenyewe.

---

Mlinzi_wa_Lango

Ukishaiandika nitumie kwanza inboksi kabla hujaipeleka, niisome kama shemasi anayepokea barua ya namna hiyo, nikuonyeshe palipo na ukali. Na yule mzee aliyemfuata mara mbili mwombe asaini na yeye, usiende peke yako.

---

Sauti_ya_Pili

Nitampigia leo jioni baada ya mazoezi. Barua utaipata kabla ya Ijumaa kaka.