Mkaguzi anayeshinda ndani ya mtambo wa nyuklia: hazoeani na wenyeji?

NondoZaIlala:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msimamizi wa saiti, sasa hivi tuko ghorofa ya tisa pale Kariakoo. Kwetu mkaguzi wa usalama akija, habari zinamtangulia. Asubuhi stoo inafunguliwa, helmeti zinagawiwa, mpaka mama wa chai anavalishwa. Mkaguzi akiondoka saa sita, saa saba zimesharudi kabatini. Sasa nasikia Marekani mitambo ya umeme wa nyuklia ina wakaguzi wa serikali wanaoshinda humo humo. Mtu mnakunywa naye chai kila siku, atakukagua kweli?

MzeeWaTabaini:
Mkuu, mimi nimezeekea kwenye mitambo ya gesi, nyuklia naisoma tu. Hilo swali lako wenzetu walishajiuliza. Tume yao ya udhibiti, NRC, ilianza kupeleka wakaguzi wakazi 1978. Mwaka uliofuata ikatokea ajali kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, mpango ukapata kasi. Kwa kawaida ni wawili kila kituo. Mshahara wao unatoka kwenye tume, hisa za kampuni wanayoikagua hawaruhusiwi kuwa nazo, na utaratibu umekuwa miaka 7 kituo kimoja, basi, wanahamishwa.

Utamu uko hapa: mkaguzi ana kitambulisho cha kupita bila kusindikizwa. Anaweza kutokea chumba cha udhibiti usiku wa manane, siku ya sikukuu. Swichi hagusi, mwenye mtambo ndiye anayebeba jukumu la usalama. Yeye anasoma daftari la zamu, anasikiliza kikao cha asubuhi, kisha anashuka mwenyewe kuona kama pampu ya dharura iliyoandikwa "nzima" ni nzima. (Madaftari ya zamu nayajua. Kuna zamu yetu moja ilikuwa inajaza vipimo vya saa kumi saa nane.)

BintiMtoni:
Mzee usiwapambe sana. Mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, Ohio, 2002: asidi ya boroni, ile inayochanganywa kwenye maji ya kinu cha nyuklia, ilivuja ikala chuma cha mfuniko wa kinu, unene wa zaidi ya sentimita 15, kikabaki kile kibati cha ndani tu, karibu sentimita moja. Hilo shimo halikutokea wiki moja. Vichujio vya vipima hewa vilikuwa vinaziba kwa kutu, vinabadilishwa kila mara. Na wakaguzi wakazi walikuwepo.

MzeeWaTabaini:
Kweli tupu. Kichujio kikianza kubadilishwa kila baada ya siku mbili, uliza kinaziba na nini. Watu wanaona kubadilisha ni rahisi kuliko kuuliza.

NondoZaIlala:
Miaka 7! Kwangu mkaguzi angekuwa ameshachangia harusi tatu na kadi ya kamati anayo mfukoni. Ila hilo la kupita getini bila kupiga simu limenikaa. Kesho nataka nipande juu saa tisa alasiri, mlinzi asijue.

BintiMtoni:
Mama wa chai atakuwa ameshawaambia 😂