Mrejesho: yale majoka mawili yamepata majina

Wakuu, niliomba msaada wa majina ya majoka mawili ya hadithi yangu: moja linalalia hazina pangoni, jingine hurudi kila mwaka kuchoma mashamba. Nilikuwa na orodha ndefu ya majina ya kubuni, mengine hata mimi yalinishinda kutamka.

Aliyeniambia nianze na tabia ya joka, jina lifuate, ndiye aliyenifungua macho. Alinitajia joka Fafnir wa masimulizi ya kale ya Skandinavia, ambaye jina lake huelezwa kuwa na maana ya anayekumbatia. Na kweli aliikumbatia dhahabu yake mpaka shujaa Sigurd alipomuua.

Basi la mashamba nimeliita Kusi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo: upepo huo wa kutoka kusini una msimu wake, na ukifika bahari inachafuka. La hazina nimeliita Fumbata. Nilimsomea mpwa wangu sura ya kwanza kwa sauti. Nilipofika kwenye jina hilo akakunja ngumi polepole, bila kuambiwa. Hapo nikafuta orodha yote.

Kilichobaki kunisumbua ni ngeli. Wanakijiji wanapolikimbia naandika "Kusi limekuja", maana joka ni nyoka aliyekuzwa na hofu yao iko kwenye ukubwa huo. Ila linapoanza kuzungumza na yule binti mchungaji, nimehamia "Kusi akasema". Sura ya saba nimeiandika upya yote kwa sababu hiyo. Asanteni sana.