Alifunga kompyuta nilipomuuliza hewa ya kilopaskali 83 ameitoa wapi

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa bado nimekaa ndani ya gari, nje ya geti la nyumbani, kwa sababu nikiingia ndani na hasira hizi nitawagombeza watoto wasio na kosa lolote. Simtaji jina, wala sina haja ya kumtaja. Nyote mnamjua. Ni yule fundi ambaye kila Ijumaa anazijaza simu zetu video za ekzosi zinazotema moto, ambaye hakuna gari linalotoka kwake bila stika yake kwenye kioo cha nyuma, na ambaye nusu yenu humu mmekwisha kupeana namba yake mkisema kwamba kwa tyuningi (kurekebisha kompyuta ya injini) ya magari ya tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, huyo ndiye baba lao.

Leo saa kumi jioni, mbele ya vijana wake sita, alifunga kompyuta yake mpakato kwa kishindo kilichosikika mpaka Kigamboni, akaniambia: "Bosi, wewe umesoma kwenye simu, mimi nimesoma kwenye injini." Vijana wakacheka. Mmoja wao alicheka hadi akaangusha spana.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, injini ya EJ207, lita mbili na tabo, iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, na ramani, yaani maagizo yaliyomo kwenye kompyuta ya gari, iliandikwa kwa petroli ya Kijapani ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha mafuta kuvumilia bila kujilipukia), ambayo pampu zetu hazina. Sikwenda kutafuta sifa. Nilichotaka ni mtu wa kuisikiliza injini hii, airudishe taimingi (wakati wa kupiga cheche) nyuma kidogo pale ambapo mafuta yetu yanazidiwa, na anikabidhi gari ambalo naweza kulipeleka Morogoro na kulirudisha likiwa na pistoni zake zote nne. Jumatatu nililiacha gari kwake pamoja na shilingi 900,000 taslimu. Leo nimepewa funguo na karatasi moja ya dino, mashine ya rola inayopima nguvu za gari, yenye mchoro unaopanda kama Milima ya Uluguru, ukiishia kwenye nguvu za farasi 341.

Niliisoma karatasi hiyo nikiwa nimeegemea mlango wa gari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa tochi, iliandikwa hali ya hewa ya wakati wa kipimo: joto nyuzi 21, shinikizo la hewa kilopaskali 83. Nikadhani macho yananidanganya, nikasoma tena. Nyuzi 21 katika Dar es Salaam hii, ambayo leo imenibadilisha shati mara mbili kabla ya adhuhuri? Na hizo 83 zimetoka wapi, ilhali mji huu umekaa usawa wa bahari na hewa yake inakaa karibu na 101 mwaka mzima? Kilopaskali 83 ni hewa ya mji uliopanda mita 1,600 na ushee, yaani hewa ya Nairobi. Ili gari langu lipimwe katika hewa hiyo ingebidi livuke Namanga, na kilomita kwenye dashibodi yangu hazijaongezeka hata kumi tangu Jumatatu.

Ndipo nilipomuuliza, kwa heshima zote, hata "samahani fundi" nilitanguliza: hizi 83 ni za wapi? Na ndipo alipofunga kompyuta. Hakusema amekosea karatasi, wala hakuniomba nisubiri aangalie. Aliifunga tu, pa! kama mtu anayemfungia mwombaji mlango.

Wapo watakaosema ni karatasi tu. Si karatasi tu. Ramani ya injini ni jedwali la visanduku, upande mmoja mizunguko ya injini na upande mwingine kiasi cha hewa inayoingia, na kila kisanduku kinaiambia kompyuta ipige cheche lini. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata tabo ikisukuma kwa busti (msukumo wa hewa) ileile, visanduku vya mwisho vya hewa nyingi havifikiwi kabisa, na fundi wa kule hana sababu ya kuvigusa. Ukiichukua ramani hiyo na kuimwaga kwenye gari la pwani, injini inaingia moja kwa moja kwenye visanduku ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvipima, ikiwa na joto letu na mafuta yetu. Mchanganyiko unaanza kujilipukia wenyewe ndani ya silinda, na anayejua injini hizi za EJ anajua kinachofuata: kuta za vijia vya ringi kwenye pistoni zinavunjika, mara nyingi kuanzia silinda ya nne, na habari inayobaki ni kwamba "injini imenoki".

Nilipotoka pale nilichomeka waya wangu na kuchukua logi moja (kumbukumbu ya namba za injini ikiwa kazini), gia ya tatu, mguu chini. Waidibendi, sensa ya kwenye ekzosi, ilisoma uwiano wa hewa na mafuta wa 12.9 pale ambapo injini ya tabo inapaswa kuwa karibu na 11, yaani mafuta yalikuwa machache mno, na kompyuta yenyewe ilikuwa imevuta taimingi nyuma kwa digrii 5.6 ikijaribu kujiokoa. Niliachia mguu palepale, na nimerudi nyumbani taratibu kama aliyepakia mayai. Gari lenyewe lilikuwa linapiga kelele, naye alikuwa ameifunga kompyuta.

Laki tisa zinauma, lakini zitapatikana nyingine. Kishindo kile ndicho kinachonikaba. Nimesimama na karatasi mkononi, swali langu ni la tarakimu mbili tu, na mtu anaona bora afunge kompyuta kuliko kuzitazama.

Mzee wa Forester

Mkuu, nimesoma uzi wako nimesimama, na sasa nimekaa. Karatasi hiyo ninayo. Nimekwenda kuitoa kwenye droo sasa hivi: nguvu za farasi 341, joto nyuzi 21, shinikizo kilopaskali 83, mchoro uleule wenye kibonyeo kidogo kwenye mizunguko 4,200. Tofauti ni moja tu, kwamba gari langu ni Forester ya otomatiki, na nilipewa karatasi hiyo mwezi wa tatu. Nimewaonyesha watu karatasi hii kwenye harusi mbili.

Bomba Pana

Pole, lakini ukweli usemwe. Mtu unatoa laki tisa taslimu, unaacha gari siku nne, huombi hata picha moja ya gari likiwa juu ya rola, halafu unakuja kulia humu usiku kwa sababu umefungiwa kompyuta? Ulimchagua kwa sababu ya moto wa ekzosi, na moto wa ekzosi umepewa. Maelezo yote haya ya visanduku ungeyatoa kabla ya kulipa, sio baada ya vijana kukucheka. Huyo aliyeangusha spana nina hakika hata sasa bado anacheka.

Mwanzisha uzi

Bomba Pana, sikumchagua kwa moto. Nilimchagua kwa sababu watu kumi na moja wa jukwaa hili walinihakikishia, na wewe ulikuwa wa nne. Na narudia kwa mara ya mwisho kwamba sikatai kukosea; hasira yangu ni kwamba alifunga kompyuta. Fundi anayejua alichokiandika ndani ya injini yako anaifungua zaidi, anaigeuza upande wako, anakuonyesha kwa kidole. Huyu aliifunga.

Fundi Mstaafu

Vijana wangu, nimeshika spana tangu magari yana kabureta, kwa hiyo niruhusuni niseme. Fundi wa kuaminika mtamjua kabla hajagusa kompyuta. Gari likifika kwake kitu cha kwanza anapima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne na kuangalia kama zinakaribiana, anatoa plagi na kuzisoma rangi, anatafuta mpira wa tabo unaovujisha hewa, anajiridhisha kwamba pampu ya mafuta na injekta zina uwezo wa kulisha anachotaka kukiomba, na akikuta injini ina ugonjwa anakurudishia funguo na kukuambia katengeneze kwanza. Fundi aliyewahi kukukatalia pesa yako, mshike huyo. Akishaanza kazi, anapanda busti kidogokidogo na kuchukua logi kila hatua, na siku ya kukukabidhi anakupa logi za kabla, logi za baada, na faili la ramani yenyewe, maana umelilipia. Karatasi ya dino ni kama picha ya harusi, haikuambii wanaishije nyumbani. Mwenye uzi, usilisukume tena gari hilo. Rudisha ramani ya kiwandani kesho asubuhi, kisha upime kompresheni.

Macho ya Mwewe

Mzee umeongea, lakini hilo la faili mtalisikia hivihivi. Mimi niko Nairobi, na fundi wangu alikataa katakata kunipa faili, kisha nikagundua ameifunga kompyuta ya gari kwa nenosiri ili fundi mwingine asiweze kuisoma. Alipofunga duka na kuhama, nilibaki na gari ambalo hata ramani ya kiwandani siwezi kuirudisha, na ikanibidi ninunue kompyuta nyingine ya mtumba pamoja na kufanyiwa upya funguo. Kwa hiyo, mwenye uzi, yako ilikuwa kompyuta mpakato iliyofungwa kwa mkono. Yangu ilifungwa kwa nenosiri, na gari likiwa ndani yake.

Mzee wa Forester

Ndugu wa Nairobi, tafadhali waulize wenzako wa huko kama kuna mwenye gari la nguvu za farasi 341 lenye kibonyeo kwenye mizunguko 4,200. Tunataka tumjue mwenye karatasi hii.

Crown Nyeusi

Nyinyi wa tabo angalau kuna kitu kiliongezeka hata kama ni kelele. Mimi nina Crown ya V6 isiyo na tabo, nikaambiwa kwamba rimapu (kuandikiwa ramani upya) itaniongezea nguvu za farasi 60, nikalipa 650,000. Nilichopata ni kikanyagio cha mafuta kilichofanywa kuwa chepesi, ukigusa kidogo gari linaruka, basi. Injini isiyo na tabo huwezi kuiongezea hewa kwa kuandika tarakimu, na hilo nililijua baada ya pesa kuondoka. Mnaposema mmeibiwa, mjue wengine tumeibiwa kwa kikanyagio.

Bomba Pana

Crown na rimapu wapi na wapi? Gari la wazee lile, limetengenezwa ulale kiti cha nyuma. Na nyote mnawasema mafundi lakini hakuna anayesema juu ya mafuta. Kuna kituo kimoja, nacho mnakijua, ambacho ukijaza pale gari lolote lenye tabo linaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo, hata liwe limetyuniwa na malaika. Nimejaza pale mara mbili, na mara zote mbili nilinunua plagi mpya nne.

Crown Nyeusi

Wazee ndio wanaolala kwa amani. Kuhusu kituo hicho, nakuunga mkono asilimia mia. Walinijazia lita 40 na gari likazima kabla sijafika taa za kwanza.

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimeipiga picha karatasi na kuiweka hapa juu, pamoja na logi. Angalieni kona ya chini kushoto. Naomba pia mtu ambaye ameshapata kumuuliza swali fundi huyu aseme kama naye alifungiwa kompyuta, au ni mimi peke yangu.

Macho ya Mwewe

Kituo hicho chenye mafuta mabaya, ni kile chenye rangi ya njano au kile cha mteremkoni?

Bomba Pana

Cha mteremkoni. Cha njano mimi najaza kila wiki na sina tatizo nacho.

Fundi Mstaafu

Mwenye uzi, nimeiona logi yako. Kabla ya kumlaumu mtu kwa zile digrii zote, fungua pia sensa ya noki, ile inayosikiliza mafuta yakijilipukia, uangalie kama ni ya asili, kwa maana za bandia zimejaa madukani na zinasikia kelele ambazo hazipo. Ukiirudisha, boliti yake ikazwe kwa niutonimita 24, usitumie nguvu za bega. Ila hiyo 12.9 haisababishwi na sensa ya noki, hiyo ni ramani.

Crown Nyeusi

Mzee, samahani kwa kuingilia. Hiyo sensa ya noki kwenye V6 ya Crown iko upande gani? Nasikia mpaka utoe manifoldi ya juu.

Fundi Mstaafu

Ndiyo, ziko mbili, katikati ya V. Njoo Jumamosi, lakini uje na gasketi zako mwenyewe.